Mnapataje mada za zamani kwenye grupu la Telegram?

FundiBaridi: Wakuu, habari za jioni. Grupu letu la mafundi friji limejaa balaa. Nina friji ya mteja hapa, kompresa inawaka na kuzima papo hapo. Kuna mzee alishaeleza hili na picha za rilei, kile kidude cha kuwashia kompresa, ila nikitafuta "friji" inaniletea mafuriko.

Kaka_Waya: "Friji" humo kila mtu kaiandika, utapata nini? Tafuta "rilei", kisha bonyeza alama ya mtu, chagua jina la mzee. Zinabaki zake tu. Ukikumbuka mwezi, ile kalenda inakupeleka hadi tarehe yenyewe. Na jaribu "relei", "rile"... mafundi na tahajia, mh! Telegram haikukisii.

MamaZai: Admini awashe Topiki bwana, zile sehemu za kutenga mada ndani ya grupu, zipo tangu 2022. Friji kwake, AC kwake. Na kila mwenye jibu zuri aweke hashitegi, #kompresa.

FundiBaridi: Nimeipata, kaandika "relei" 😂 Asante kaka. Dada, Topiki sawa, ila ujumbe wa zamani haujipangi wenyewe, unabaki palepale. Hashitegi naunga mkono.