Mzinga wa Königsberg pale Fort Jesus: ufufuliwe ulie, au uachwe?

MwanaKibokoni
Assalamu alaykum wana jukwaa. Juzi nilimpeleka mjomba wangu Fort Jesus, yeye ni fundi mstaafu wa bandarini. Tukasimama mbele ya mizinga miwili, wa manowari Königsberg na wa manowari Pegasus, mahasimu waliowekwa pamoja kama wake wenza. Kwa wasiojua: tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ya Wajerumani iliikuta Pegasus ya Waingereza Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ikaizamisha. Julai 11 mwaka uliofuata nayo ikaishia kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake yote 10, wakaitilia magurudumu Dar es Salaam na kuipigania nchi kavu.

Sasa mjomba anasema mzinga wa Königsberg ufunguliwe, utiwe grisi, uwe unalia baruti tupu siku za sikukuu. Mimi nasema uachwe. Nisaidieni hoja, nimechoka kushindwa mezani.

FundiChuma_Changamwe
Namwelewa mzee. Fundi akiona chuma kimeganda, mikono inamwasha. Lakini huo si pampu ya maji. Chuma cha miaka zaidi ya 110, kilicholala mtoni kisha kikapigwa na upepo wa bahari, kinaweza kuwa na nyufa usizoziona kwa macho. Na baruti hata bila risasi inasukuma. Ukitaka usalama utabadilisha kipande hiki, kesho kile, mwisho una mzinga mpya wenye jina la marehemu.

Bi_Uhifadhi
Niongeze, kwa sababu kazi hii nimeifanya: "kuacha" nako ni kazi. Adui ni chumvi iliyojificha ndani ya chuma. Ukipaka rangi juu yake, kutu inaendelea chini kwa chini, mwisho rangi inavimba na kubanduka. Mzinga uliotoka baharini huloweshwa kwenye maji ya magadi soda na kupitishiwa umeme mdogo, miezi mingi, mikubwa hata miaka, huku maji yakipimwa chumvi na kubadilishwa. Halafu unasuuzwa, unakaushwa, unapakwa tanini inayoigeuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi na tulivu, kisha nta. Unaokaa nje, mdomo wake uzibwe au uinamishwe mvua isituame ndani.

Kibaya kuliko vyote ni kupiga mchanga kwa mashine. Kutu inatoka, na mihuri ya kiwandani inatoka nayo, ambayo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Nimewahi kuona mzinga, sitataja wapi, umepakwa rangi ya fedha kama geti la nyumba.

Kigoma_Ujiji
Mnasahau meli yetu ya Liemba, Ziwa Tanganyika! Ilikuwa Graf von Götzen, ikaletwa kwa makreti kutoka Papenburg, ikaundwa hapa Kigoma na kupewa mzinga mmoja wa hiyo hiyo Königsberg. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi ziwani. Wangeiacha chini, babu zetu wa Kipili na Kasanga wangesafiria nini?

FundiChuma_Changamwe
@Kigoma_Ujiji hapo umenishika kidogo. Ila kumbuka waliozamisha waliipaka injini grisi nzito kwanza, walikuwa na nia ya kurudi. Na meli ina abiria wa kubeba. Mzinga ubebe nini?

Mswahili_Maskati
Sauti, kaka. Kairo mzinga wa futari pale ngomeni ulinyamaza karibu miaka 30, wakaurudisha Ramadhani ya 2021, na mwali wa leza juu yake. Mimi naona mjomba hataki vita, anataka kishindo.

Kigoma_Ujiji
Basi kuna njia ya tatu, na ni ya huku kwetu. Ule mzinga wa Götzen ulipohitajika kwingine, Wajerumani waliung'oa wakaweka wa mbao mahali pake. Toka mbali nani angejua?

Bi_Uhifadhi
Mimi nachagua huo. Wa chuma ubaki na nta yake, wa mbao usimame kando na spika ndani. Watoto waupande watakavyo.

MwanaKibokoni
Nimemsomea mjomba yote. Kanyamaza muda, akauliza: mvule au mbambakofi?