Bukavu: mwenzi msaidizi kwa waliougua akili, kazi yake ianzie wapi na iishie wapi?

Kaye_ya_Bluu (Kadutu)
Wapendwa, hamjambo. Santa yetu ya afya ina wauguzi wawili tu waliofunzwa kuhudumia magonjwa ya akili, na wagonjwa wanaorudi kutoka hospitali tunawapoteza kabla mwezi haujaisha. Tunataka kuchukua watu wanne waliougua wenyewe na kupata nafuu, wawasindikize wenzao, kama wanavyofanya wale wa Ukimwi. IT wetu, yaani muuguzi mkuu wa santa, anauliza: tuwachague vipi, na mmoja akiugua tena itakuwaje? Anataka pia wawe wanapeleka dawa nyumbani kwa watu. Hilo mimi linanitia wasiwasi.

Nguba_Juu
Wasiwasi wako una haki, dada. Dawa ziondoe kabisa kwenye kazi yake. Mwenzi msaidizi hagawi vidonge, habadilishi kipimo, hasemi huyu ana ugonjwa gani. Siku atakapobeba mfuko wa dawa atakuwa muganga mdogo, na mgonjwa ataanza kumficha yale yale anayowaficha waganga: kwamba vidonge anavitema nyuma ya nyumba, kwamba sauti zimerudi. Mnamtaka kwa sababu yeye huambiwa hayo.

Kazi yake ianze mgonjwa akiwa bado kitandani, iwe SOSAME, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, au kwingine. Waonane angalau mara moja, ili mtu akifika nyumbani asipokee mgeni. Wiki mbili za kwanza aende mara mbili kwa wiki, kisha mara moja hadi mwezi wa tatu, halafu wapunguze pamoja. Mwanzo usilegeze: wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa, hata ya mtu kujiua. Saa moja inatosha. Na wasikae ndani. Kadutu nyumba zimebanana na ukuta wa mbao unapitisha kila neno. Watembee kidogo, au wakae mahali mgonjwa alipochagua.

Kitu cha kufanya mapema ni ukurasa mmoja kwenye kaye (daftari), kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Dalili zake za mwanzo ziandikwe wazi: si "nikianza kuchanganyikiwa" bali "nikiamka saa nane usiku siku tatu mfululizo", "nikisikia redio inanitaja". Kisha nani apigiwe simu, nini humtuliza, na nini asifanyiwe: kufungwa kamba, au kupelekwa chumba cha maombi bila ridhaa yake. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake aandike, amsomee tena hadi akubali. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) ya santa.

Mama_Bagira
Naongeza jambo moja ambalo huwarudisha watu hospitali bure. Mtu yuko kwenye haloperidol, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, hawezi kutulia kitini, anatembea uani usiku kucha, miguu inamwasha kwa ndani. Familia inasema amerudiwa, kipimo kinaongezwa, hali inazidi. Mara nyingi hayo ni madhara ya dawa yenyewe. Aliyewahi kuyapata huuliza swali moja tu: "Unataka kutembea, au miguu inakulazimisha?" Jibu alipeleke kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Shingo ikipinda, ulimi ukiwa mzito au macho yakigeukia juu, waende santa mara moja. Iko dawa ya kufungua hali hiyo, na muuguzi ndiye huitoa. Na kwa wa kifafa, maana wanapita mlango ule ule: fenobarbital haikatwi ghafla, hata kwa siku za kufunga na kuomba, kwani degedege zinaweza kufuatana bila kukoma. Msigombane na mchungaji. Mwombeni aombe, na kidonge kimezwe.

Ruzizi_2
Kuhusu kuchagua: msichukue tu yule mtiifu anayewafurahisha wauguzi. Tafuteni anayeweza kusimulia ugonjwa wake na kunyamaza ili mwingine asimulie wake; anayeweza kunyamaza ndiye mgumu kumpata. Fundisheni sita, mbakize wanne, wanawake kwa wanaume. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kazi hii mwaka 2019, bure kwenye intaneti. Karibu nasi, hospitali ya Butabika ya Kampala imo kati ya zilizoshiriki mradi wa UPSIDES wa wenzi wasaidizi kama hawa, pamoja na Dar es Salaam.

Siri ielezwe kabla ya mazungumzo ya kwanza: nitanyamaza yote, isipokuwa ukitaka kujiua, kumuua mtu, au mtoto akiwa hatarini. Ukilisema baadaye, utaonekana umemsaliti.

Primu (posho yake) itolewe kwa tarehe isiyobadilika; nauli ya moto (pikipiki) na unite za simu vihesabiwe pembeni. Reko, yule mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, anaitwa siku za kampeni, huyu anafanya kazi kila wiki. Asipolipwa atakopa kwa familia anazozitembelea, na hapo mlango umefungwa. Kwa nusu siku, watu sita hadi wanane wanamtosha mmoja.

Nguba_Juu
Na akiugua tena, asifukuzwe. Naye awe na ukurasa wake kwenye kaye kabla ya kuanza, apumzike, primu ya mwezi huo isikatwe. Msimamizi wake asiwe muuguzi anayemtibu. Mkichanganya hayo mawili, ataficha dalili zake ili asipoteze kazi. Wafanye kazi wawili wawili, kila mgonjwa awe ameshamwona yule wa pili, ili mmoja akipumzika mgonjwa asibaki peke yake.

Kaye_ya_Bluu
Asanteni sana, yaya (wakubwa) zangu. Familia moja tayari inaomba mwenzi msaidizi alale kwao, achunge mlango usiku.

Mama_Bagira
Akatae, na IT ndiye apeleke jibu, si yeye. Akishakaa mlangoni ni mlinzi. Wafundisheni ndugu kupokezana: wa kwanza hadi saa saba usiku, wa pili hadi alfajiri, na namba ya muuguzi wa zamu ibandikwe ukutani.