Bodi ya saketi kwa ajili ya taa za dagaa: ipi njia nafuu?

Mleta mada (Kibirizi, Kigoma)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimebuni kifaa kinachozima taa za LED za wavuvi wa dagaa pindi betri ya volti 12 inaposhuka hadi volti 11.5, kwa sababu wengi huziacha zikiwaka mpaka betri inakauka kabisa, na betri ya namna hiyo haidumu. Saketi inafanya kazi juu ya veroboadi (bodi ya matundu ya kujengea saketi kwa mkono), ila nyaya za nyuma zimesongamana kama wavu uliokunjwa na mtu mlevi, na wavuvi sita tayari wanakitaka. Je, nichonge bodi nyumbani, nimlipe mchoraji, au nichore mwenyewe na kuagiza China?

Fundi Redio (Tabora)
Kwa bodi moja ya majaribio, nyumbani panatosha: unachapa mchoro kwa printa ya leza, unauhamishia kwenye shaba kwa pasi, kisha unaitumbukiza bodi katika feriki kloraidi, kemikali inayokula shaba isiyofunikwa na mchoro. Kwa bodi sita sikushauri, maana vijiti vya kutobolea vya milimita 0.8 huvunjika ovyo, na shaba isiyo na rangi ya kinga italiwa na unyevu wa ziwani.

Mhanga wa Gerber
Mimi nilimlipa mchoraji, akanikabidhi mafaili ya Gerber peke yake. Nilipotaka kuhamisha soketi moja tu, ilinibidi nilipe upya, kwa kuwa mafaili hayo ni ya kiwanda na si ya kuhaririwa. Ukimlipa mtu, mdai mchoro wa saketi, mafaili asilia na orodha ya vipuri kabla ya kumalizia malipo.

Mchora Bodi (Ujiji)
Ndugu mleta mada, KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea bodi, ni ya bure na haina kikomo cha ukubwa wa bodi, hivyo gharama ya kuchora ni muda wako. Viwanda vingi vya China huanzia bodi 5, na zile za tabaka mbili za shaba zisizozidi milimita 100 kwa 100 huwa za bei ya chini kiasi kwamba usafiri ndio unaokula fedha. Kwa hiyo agiza 10 kwa mkupuo mmoja, na usiagize kabla hujachapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ukavipachika vipuri vyenyewe juu yake. Mimi niliiruka hatua hiyo, nikapokea bodi nzuri za kijani ambazo miguu ya transista ilikuwa imegeuka, nami nikaketi usiku kucha nikiipindapinda kwa koleo.

Mleta mada
Ahsanteni. Nitachora mwenyewe, kisha nimlipe mtu kwa ukaguzi tu. Karatasi nitaijaribu wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Taa ni nne za wati 10. Njia ya shaba iwe na upana gani?

Mchora Bodi (Ujiji)
Hizo ni kama ampea 3.3. Kwa shaba ya kawaida ya maikromita 35, milimita 1.6 hivi zinatosha bila joto kuzidi, lakini weka 3, kwani nafasi ipo na upana hauongezi bei. Mchoro ukiwa tayari, nitumie niupitie.