D-21, Genesis au ALEXA kwa ajili ya mashua za Bagamoyo?

Mwana wa Kaole: Ndugu zangu, tunaandaa filamu fupi kuhusu mafundi wa mashua hapa Bagamoyo, nami niliyejifunzia kazi kwenye kamera ya mkanda wa filamu natakiwa kuchagua kati ya kamera tatu za kidijitali: ARRIFLEX D-21, Panavision Genesis na ALEXA. Kufikia saa nne asubuhi, jua likiwa upande wa bahari, tanga la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, linawaka, ilhali fundi amechutama kivulini chini ya ubavu wa jahazi akitia kalafati, yaani akiziba nyufa za mbao. Nataka tanga na fundi waonekane vyema katika picha moja.

Fundi Lenzi: Kwa mkono uliozoea filamu, chukua D-21 ya mwaka 2008. Shata yake, kile kifunga mwanga, ni kioo kinachozunguka, hivyo jicho linapokea mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi. Sensa nayo, yaani kipokea mwanga cha kamera, ina ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35 na uwiano wa 4:3, unaofaa sana lenzi za anamofiki, zile zinazobana picha pana kwa upana. Genesis ina sensa ya ukubwa wa karibu na huo, ila kitazamio chake ni cha kielektroniki, na Panavision hukodisha tu, haiuzi.

Binti Pangani: Kaka Fundi, kioo kinakuonyesha tanga, hakikuonyeshi kilichorekodiwa. Niliwahi kuamini jicho langu kwenye kamera ya kidijitali ya zamani, nikarudi nyumbani na picha ya tanga lililoungua kwa mwanga, jeupe tupu, halina hata mshono mmoja. ALEXA, iliyotoka mwaka 2010, inabeba takribani stopu 14 za mwanga toka kivuli hadi jua (kila stopu ni mwanga maradufu) kwa ISO 800, kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga, na kurekodi kwenye kadi ndani ya kamera. Hizo nyingine mbili zilizoea kurekodi kwenye kanda za video za HDCAM SR. Mashine ya kuzisomea utaipata wapi hapa pwani?

Mwana wa Kaole: Dada, hoja ya kanda imenimaliza. Lakini kile kioo nitakikosa, nakiri.

Fundi Lenzi: Basi ulizia ALEXA Studio, yenye shata ya kioo na sensa ya 4:3 pamoja, ingawa begani utaijutia kwa uzito. Ikikosekana, ALEXA ya kawaida inatosha, Genesis iache.

Binti Pangani: Kabla ya kulipa, omba kamera kwa asubuhi moja. Tundika kipande cha marekani juani, mkalishe fundi kivulini, kisha ufungue lenzi hatua kwa hatua mpaka nyuzi za kitambaa zipotee kwenye picha iliyorekodiwa; hapo utajua kikomo cha kamera.