MREJESHO: Sloop yangu na ile galleon

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye Sea of Thieves, ile gemu ya meli za maharamia, nikicheza peke yangu na sloop (meli ndogo kabisa), galleon (ile kubwa kabisa) hunikamata kila nikikimbia. Mkasema niache kukimbia na upepo, niende mbisho, yaani kuukabili upepo.

Jana wamenifukuza tena. Nikageuza omo (mbele ya meli) kwenye upepo, nikaweka tanga katikati. Kweli, milingoti yao mitatu ikawa mzigo, wakaanza kubaki nyuma. Ila walinitoboa tundu moja tu la mzinga, nikaacha usukani nikazibe kwa ubao na kufua maji kwa ndoo. Kurudi juu, mwamba huu hapa! Hazina yote chini.

Aliyeshauri brigantine (meli ya kati), asante, ila inataka watu, na mimi sina hata mmoja.