Naomba ushauri: Peugeot 404 nyekundu, picha za rangi au nyeusi na nyeupe?

Wakuu, kazi ni Peugeot 404, modeli iliyoshinda Safari Rally 1963 na 1966 hadi 1968. Ni nyekundu, imeegeshwa kwenye nyasi. Kwa rangi inawaka kweli, ila kromu ya bampa inabeba ubuluu wa anga, na filta ya polaraiza inakata mng'ao wa vioo na bodi tu. Kwenye kromu haisaidii. Nikigeuza nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vinakuwa kijivu kimoja, gari linazama kwenye nyasi. Napiga RAW (faili ghafi lenye data yote ya kamera), hivyo wakati wa kugeuza nikipandisha mwanga wa nyekundu bodi inajitenga; nikizidisha, chenga zinajaa kwenye picha na viraka vya rangi ya bodi vinaumbuka. Nyeusi na nyeupe niiache kwa grili na usukani tu, au nihamie kwenye lami?