Mrejesho: Tulivyowatambua walimu walezi wa kitivo chetu cha tiba, Bukavu

Ndugu zangu, asanteni kwa ushauri mlionipa nilipouliza namna ambavyo sisi wanafunzi wa udaktari hapa Bukavu tungeweza kuwapa heshima walimu wanaotulea vizuri wodini, bila tuzo kugeuka shindano la umaarufu.

Tulikubali pendekezo la kutopiga kura kwa majina matupu: kila aliyempendekeza mwalimu alitakiwa kueleza kwa maandishi tendo moja aliloliona mwenyewe. Hapo mambo yalibadilika, kwa maana waliotajwa zaidi hawakuwa wale wasemaji hodari wa ukumbini. Mwenzetu mmoja aliandika juu ya daktari wa uzazi aliyeweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, akamwongoza taratibu kupapasa tumbo la mama mjamzito mpaka akatambua mwenyewe kichwa cha mtoto kilipo, kisha akamshukuru mama huyo kwa uvumilivu wake.

Mji wetu unaijua heshima ya tuzo, kwani Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi alipewa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Lakini ulezi wa wanafunzi, ambao naamini ndio unaowajenga madaktari, mara nyingi hufanyika pasipo shahidi mwingine ila mgonjwa. Kila mlezi alikabidhiwa barua zilizoandikwa juu yake, na mkuu wa kitivo amekubali nakala zitunzwe katika majalada yao ya kazi. Fedha hazikuwepo, wala hakuna aliyeziulizia.